Galaksi ina umbo la yai tangu asili: utajuaje kuwa imenyooshwa?

*Swali:* Shikamoo mtaalamu. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya fizikia, kwa sasa nipo likizo nyumbani Chumbageni, Tanga. Nimesoma kwamba ramani za maada ya giza, ile isiyoonekana, katika makundi ya galaksi huchorwa kwa kuangalia jinsi galaksi zilizo nyuma ya kundi zilivyonyooshwa. Kinachonitatiza ni hiki: galaksi nyingi zina umbo la yai tangu asili. Utajuaje kuwa hii imenyooshwa na ile imezaliwa hivyo? Na je, kwa laptopu yenye RAM ya GB 8 na bando la kuungaunga, naweza kuchora ramani ya namna hiyo mwenyewe?

*Jibu:* Marahaba. Kwa galaksi moja moja hutajua, na hakuna mtaalamu anayejua. Umeuliza palepale panapouma, na jibu la swali lako la kwanza ndilo linaloamua kama ramani utakayochora ni ya mbinguni au ni ya kasoro za darubini.

Simama Raskazone jioni uangalie ngalawa na mashua zilizotia nanga. Upepo huuoni. Kila chombo kina umbo lake, kirefu au kifupi, chembamba au kipana, lakini vyote vimeelekeza omo upande mmoja. Chombo kimoja kinaweza kukaa mshazari kwa sababu kamba imezunguka au kimegusa mchanga. Vyombo arobaini vikielekea upande uleule, upepo umeujua bila kuuona. Ila kuna jambo jingine: mkondo wa maji nao hugeuza vyombo. Anayesoma upepo kwa vyombo bila kuuliza kama maji yanajaa au yanapwa atakosea, tena atakosea kwa kujiamini. Katika kazi yetu upepo ni uzito wa kundi, na mkondo ni darubini, hewa na kamera. Vyote viwili hunyoosha galaksi, na vyote viwili hunyoosha nyingi kwa pamoja.

Sasa fizikia yenyewe, kwa ufupi kwa sababu sehemu kubwa unaijua. Nuru inayopita kwa umbali b kando ya kitu chenye uzito M hupinda kwa pembe 4GM/(c²b). (Darasani tunasema tungamo, hapa nitasema uzito kama wasemavyo watu.) Ukingoni mwa Jua pembe hiyo ni sekunde za tao 1.75, na ndiyo iliyopimwa wakati wa kupatwa kwa Jua tarehe 29 Mei 1919 kwenye kisiwa cha Príncipe na kule Sobral, Brazil. Sekunde ya tao ni digrii moja ukiigawa mara 3,600. Kundi kubwa la galaksi lina uzito wa Jua mara trilioni 100 hadi trilioni 1,000, kwa hiyo nuru inayopita karibu na kiini chake hupinda kwa makumi ya sekunde za tao.

Katika uzito huo nyota ni asilimia chache tu. Gesi ya moto, yenye joto la digrii milioni 10 hadi 100, ni kama asilimia 12 hadi 15. Iliyobaki, zaidi ya asilimia 80, ndiyo maada ya giza. Lenzi ya mvutano, yaani huku kupindwa kwa nuru na uzito, haibagui, inahesabu vyote kwa jumla. Hapa wengi huteleza: ramani ya lenzi si ramani ya maada ya giza, ni ramani ya uzito wote. Maada ya giza huipata baada ya kutoa gesi, ambayo darubini za eksirei huiona, na kutoa nyota zinazoonekana kwa nuru ya kawaida.

Kila kitu kinapimwa kwa kulinganishwa na kiasi kimoja, uzito wa eneo unaohitajika ili lenzi iweze kutoa picha zaidi ya moja za kitu kimoja: Σcr = c²/(4πG) × DS/(DL × DLS). DL ni umbali hadi kwenye lenzi, DS hadi kwenye galaksi ya nyuma, DLS kati ya lenzi na galaksi hiyo. Chukua kundi la Abell 370, ambalo mhamo wake mwekundu (kiasi ambacho kutanuka kwa ulimwengu kumerefusha mawimbi ya nuru yake, na kwa hiyo kielelezo cha umbali) ni 0.375, na tao lake kubwa maarufu lenye mhamo 0.725. Kwa vipimo vya kawaida vya ulimwengu (kasi ya kutanuka, H0, ya 70, maada asilimia 30, ulimwengu bapa), DL ni megaparseki 1,065 (megaparseki moja ni kama miaka ya nuru milioni 3.26), DS ni 1,494 na DLS ni 646. Fanya hesabu utapata karibu kilo 7.5 kwa kila mita ya mraba. Ndiyo, kilo saba na nusu, uzito wa mfuko mdogo wa unga uliotandazwa kwenye mita moja ya mraba! Ajabu ni kwamba utando huo umeenea kwa mamia ya maelfu ya miaka ya nuru.

Angalia tena namba hizo: 1,494 ukitoa 1,065 unapata 429, si 646. Umbali wa aina hii hautolewi kama kilomita za barabara ya Tanga hadi Korogwe, kwa sababu ulimwengu ulikuwa ukitanuka nuru ikiwa njiani. Anayetoa tu hupata DLS/DS ya 0.29 badala ya 0.43, na uzito wa kundi lake unazidi kwa karibu mara moja na nusu. Kosa hili hufanywa na wanafunzi wengi, na ramani haitakuonyesha dalili yoyote, itatoka nzuri tu. Kwenye Astropy, maktaba ya Python ya mambo ya anga, tumia kazi inayopokea mihamo miwili na kukupa umbali kati yake. Usitoe kwa mkono.

Uzito wa eneo ukiugawa kwa Σcr unapata msongamano, κ. Mnyoosho tunauita γ, na una sehemu mbili kwa sababu mnyoosho una mwelekeo: γ1 ni kunyoosha kwa mlalo au wima, γ2 ni kunyoosha kwa mshazari wa digrii 45. Pale κ inapokaribia 1 au kuizidi tunasema lenzi kali: matao, pete, galaksi moja kuonekana mara tatu au tano. Mbali na kiini, κ ikiwa 0.05 au 0.1, ni lenzi hafifu, na hapo ndipo swali lako linapobana.

Tuchukue kundi lenye duara la Einstein (nusu kipenyo cha pete ambayo galaksi iliyo nyuma ya kituo kabisa ingeonekana) la sekunde 20 za tao, na uzito uliopangika kwa namna rahisi kabisa ambapo γ = 20/(2θ), θ ikiwa umbali kutoka katikati kwa sekunde za tao. Kwenye dakika 2.5 za tao (dakika moja ni sekunde 60) mnyoosho ni 20/300, yaani 0.067. Umbo la asili la galaksi, kwa kila sehemu, hutawanyika kwa karibu 0.28. Ishara unayoitafuta ni robo tu ya kelele. Lakini galaksi za nyuma hazikupanga pamoja jinsi ya kuelekea. Ukiwa na galaksi 20 kwa kila dakika ya tao ya mraba, kiasi ambacho darubini nzuri ya ardhini huweza kutoa, kwenye pete iliyo kati ya dakika 2 na 3 utakuwa na galaksi kama 314. Kelele ya wastani ni 0.28 ugawe kwa kipeuo cha pili cha 314, yaani 0.016. Sasa ishara ni mara nne ya kelele. Pete ya dakika 5 hadi 6 ina galaksi kama 690, ishara ya 0.030 na kelele ya 0.011, karibu mara tatu. Umbo la asili halijaondolewa popote. Limefutana lenyewe kwa wingi. Kwa darubini ya angani idadi ya galaksi hupanda hadi 30 kwa Euclid, na hata 50 hadi 100 kwa picha za kina za Hubble, ndiyo maana ramani zao huonyesha vijisehemu vidogo zaidi.

Kabla ya kukokotoa chochote, amua unapimaje uduaradufu, yaani galaksi ina umbo la yai kiasi gani. Kuna njia mbili kwenye vitabu na programu, na zote huandikwa e. Ya kwanza ni (a−b)/(a+b), ya pili ni (a²−b²)/(a²+b²), a ikiwa mhimili mrefu na b mfupi. Galaksi ambayo urefu wake ni mara mbili ya upana wake ina 0.33 kwa njia ya kwanza na 0.60 kwa njia ya pili. Wastani wa ile ya kwanza ndio mnyoosho moja kwa moja. Wa pili unakaribia mara mbili yake. Ukichanganya, kundi lako litakuwa na uzito maradufu na hutajua kwa nini. Tena kinachopimika si γ yenyewe bali g = γ/(1−κ). Mbali na kiini tofauti ni ndogo, karibu na kiini haipuuziki.

Kisha kwa kila galaksi chukua pembe φ inayoonyesha iko upande gani wa kituo cha kundi, na ukokotoe sehemu ya kuzunguka: et = −(e1 cos2φ + e2 sin2φ), e1 na e2 zikiwa sehemu mbili za uduaradufu, kama zilivyo γ1 na γ2. Kundi hunyoosha galaksi kuzunguka kituo chake, si kuelekea kituoni, kwa hiyo wastani wa et unapaswa kuwa chanya. Papo hapo kokotoa sehemu ya pili: ex = e1 sin2φ − e2 cos2φ. Hii ni sawa na kuzungusha kila galaksi digrii 45. Uzito hauwezi kutoa ishara ya namna hiyo, kwa hiyo wastani wa ex katika kila pete lazima uwe sifuri ndani ya kelele. Usipokuwa sifuri, kuna mkondo kwenye bandari yako. Hicho ndicho kipimo cha kwanza ninachotaka kuona kwenye kazi ya mtu yeyote, na kinagharimu mstari mmoja wa programu.

Kipimo hiki lakini hakikamati kila kosa. Moja linalopita bila kushikwa ni la mhimili. Kwenye picha za anga mashariki huwa kushoto, kwa hiyo namba za mashariki huongezeka kuelekea kushoto wakati pikseli huongezeka kuelekea kulia. Ukipima maumbo kwa pikseli na pembe φ kwa nyuzi za anga, alama ya e2 inageuka. Matokeo si ishara kupungua kidogo: kwenye pete kamili et inageuka kuwa γ cos4φ, na wastani wake ni sifuri kabisa. Ex nayo inatoka sifuri. Ukiona kundi zito linalojulikana halina ishara yoyote huku kila kitu kingine kikiwa shwari, geuza alama ya e2 kabla ya kulaumu data.

Sasa mkondo wenyewe. Nyota zilizo kwenye picha hiyohiyo ni nukta; hazina umbo. Umbo lolote unaloliona kwenye nyota limeletwa na hewa, vioo au kamera. Kwa hiyo nyota ndizo maboya yetu. Unapima umbo lao kila mahali kwenye picha, unalinganisha kwa polinomia ili ujue umbo la nukta lilivyo pale galaksi ilipo, kisha unasahihisha galaksi. Umbo la nukta hufanya makosa ya aina mbili. Likiwa la yai, linaongeza mnyoosho wa uongo. Likiwa la mviringo lakini nene, linafanya galaksi ndogo zionekane za mviringo kuliko zilivyo, na uzito wako unapungua. Aina hii ya pili ndiyo ya hatari zaidi kwa sababu kipimo cha digrii 45 hakiioni. Tiba yake ni kutupa galaksi ambazo ukubwa wake haujazidi wa nyota kwa kiasi cha kutosha (wengi huanzia mara 1.2), kisha kupima njia yako kwa picha za kubuni ambazo mnyoosho wake unaujua. Ukiweka 0.050 ukarudishiwa 0.046, unajua unapoteza asilimia 8 na unarekebisha. Darubini za angani hazina hewa, ila zina maradhi yao: kamera za Hubble zimepigwa na mionzi miaka mingi, chembe za umeme hunaswa njiani wakati picha inasomwa, na kila kitu huacha mkia kuelekea upande mmoja wa kamera. Mkia huo ni mnyoosho wa uongo, na ni mbaya zaidi kwa galaksi hafifu, zilezile unazozitegemea.

Linalofuata ni wageni bandarini. Galaksi zilizo ndani ya kundi lenyewe, au mbele yake, hazikunyooshwa na kundi. Zikiingia kwenye hesabu zinazimua ishara: asilimia 20 ya wageni hushusha mnyoosho kwa asilimia 20, na karibu na kiini, ambako galaksi za kundi zimesongamana, hali ni mbaya zaidi. Kundi lako litaonekana lina kiini chepesi na utaanza kubuni nadharia. Tumia rangi: galaksi nzee za kundi hujipanga kwenye mstari mmoja mwembamba ukichora rangi dhidi ya mwangaza, kwa hiyo chagua zilizo nyekundu kuliko mstari huo, na ukiwa na rangi za kutosha, chini yake pia. Halafu hesabu galaksi ulizobaki nazo kwa kila pete. Idadi ikipanda kuelekea katikati, bado una wageni.

Ramani yenyewe sasa. Njia ya Nick Kaiser na Gordon Squires ya mwaka 1993 bado ndiyo ya kuanzia. Gawa anga katika vyumba vidogo, pata wastani wa e1 na e2 katika kila chumba, vibadilishe kwa Fourier, kisha

κ(k) = [(k1² − k2²) γ1(k) + 2 k1 k2 γ2(k)] / (k1² + k2²)

na ugeuze kurudi. Ni mistari kumi na mitano ya Python. Lakini tazama kinachotokea pale k1 na k2 zote ni sifuri: 0/0. Watu huweka sifuri na kuendelea, ila hapo fizikia inakwambia jambo. Utando wa uzito ulio sawa kila mahali haunyooshi chochote, kwa hiyo maumbo hayawezi kukwambia kama upo. Kwa usahihi zaidi, ukichukua κ na kuiweka λκ + (1−λ), g haibadiliki hata kidogo. Kwa hiyo ramani ya lenzi hafifu inakuonyesha vilima viko wapi, haikwambii usawa wa bahari uko wapi. Ili kuupata usawa huo unahitaji picha pana inayofika mbali na kundi ambako κ inakaribia sifuri, au galaksi za nyuma zilizo kwenye mihamo tofauti, au ukuzaji, yaani jinsi lenzi inavyoongeza mwangaza wa galaksi. Ukisoma uzito wa kundi uliotajwa bila kuelezwa usawa umewekwaje, usiutegemee sana.

Jambo jingine la ramani hii ni kuilainisha. Bila kulainisha, kila chumba chenye galaksi 5 kina kelele ya 0.125 na hutaona kitu. Ukilainisha kwa Gauss yenye upana wa dakika 1 ya tao, kelele inashuka hadi karibu 0.02, lakini na vilima vyako havitakuwa vyembamba kuliko hapo. Ukisoma mtu anadai amepata kijisehemu cha nusu dakika kwenye ramani iliyolainishwa kwa dakika moja, pita.

Lenzi kali hufanya kazi kinyume: vitu vichache, taarifa nyingi. Weka kitako kinene cha glasi ya chai juu ya nukta ya kalamu, usogeze polepole, utaona nukta inagawanyika, inakuwa tao, na ukilenga katikati inakuwa pete. Kwenye kundi unatafuta picha nyingi za galaksi moja. Masharti ni magumu: rangi ileile, mhamo uleule, na baadhi ya picha lazima ziwe zimegeuzwa kama kwenye kioo. Kila familia ya picha n inakupa masharti 2(n−1), kwa sababu mahali halisi pa galaksi hupajui na hapo unapoteza mawili. Kundi lenye mabonge mawili makubwa ya maada ya giza, kila moja na vigezo sita (mahali viwili, uduaradufu, pembe, kiini, na kasi ya mtawanyiko, inayowakilisha uzito), pamoja na viwili vya galaksi za kundi, lina vigezo 14. Familia tatu za picha tatu zinatoa masharti 12, hazitoshi. Nne zinatoa 16, zinatosha kwa shida. Ndiyo maana vipimo vya mihamo kwa spektra, hasa vya kifaa cha MUSE kule Paranal, Chile, vilibadilisha kazi hii. Kwa kundi la MACS J0416 sasa wanatumia picha zaidi ya 200.

Hata hivyo, modeli nzuri hukosea mahali pa picha kwa karibu nusu sekunde ya tao, wakati Hubble hupima mahali hapo kwa usahihi bora mara kumi. Maana yake modeli haijakamilika, si kwamba data ni mbovu. Kuna uzito mwingine njiani ambao si wa kundi, na kuna galaksi zisizofuata kanuni tunayowapa zote, kwamba kasi ya mtawanyiko hukua kwa mwangaza uliopandishwa kwa kipeo cha robo. Timu kadhaa ziliwahi kupewa makundi mawili ya kubuni, Ares na Hera, bila kuambiwa jibu, na matokeo yakatolewa 2017. Njia bora zilipata ukuzaji kwa kosa la karibu asilimia 10 pale ukuzaji halisi ulipokuwa 3, na karibu asilimia 30 ulipokuwa 10. Kumbuka hilo unaposoma kwamba galaksi fulani ya mbali imekuzwa mara 40.

Kuna pia suala la umbo la kundi lenyewe. Ukitazama ngalawa kwa omo hujui urefu wake hadi tezi. Kundi lililonyooka kuelekea kwetu linaonekana zito kuliko lilivyo, kwa sababu lenzi inajumlisha kila kilicho kwenye mstari wa macho. Kundi moja peke yake halina tiba ya uhakika. Unalinganisha na eksirei, au unakusanya makundi mengi yaliyoelekea ovyo.

Mfano unaotajwa kila mara ni kundi la Risasi, 1E 0657−56, lililochapishwa na Douglas Clowe na wenzake mwaka 2006. Makundi mawili yamepitana. Gesi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maada ya kawaida, imegongana na kubaki nyuma katikati, na eksirei za darubini ya Chandra zinaionyesha. Vilima vya ramani ya lenzi haviko kwenye gesi, viko pamoja na galaksi zilizopita bila kugongana, na tofauti hiyo ni mara 8 ya kelele. Mfano usiotajwa sana, nao ni mzuri zaidi kwa anayejifunza, ni Abell 520. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba kuna bonge la maada ya giza lililobaki katikati pasipo galaksi. Mwaka 2012 timu mbili zilirudia: moja ililiona tena, nyingine, kwa picha za kamera nyingine ya Hubble, haikuliona. Anga ni ileile. Kilichotofautiana ni uchaguzi wa galaksi, usahihishaji wa umbo la nukta, na jinsi gesi ilivyotolewa, yaani mambo yaleyale niliyoyaorodhesha hapo juu.

Kuhusu laptopu yako: GB 8 zinatosha. Usianze na picha. Picha kamili za kundi moja kwa rangi zote hufika gigabaiti kadhaa na zitakumalizia bando kabla hujapima galaksi hata moja. Anza na anga ya kubuni, isiyohitaji mtandao. Sakinisha Python, NumPy, SciPy, Matplotlib na Astropy. Tengeneza uwanja wa dakika 20 kwa 20, tupia galaksi 8,000 mahali popote bila mpango, zipe e1 na e2 za Gauss zenye upana wa 0.28, tupa zinazozidi 0.9, kisha ongeza mnyoosho wa sekunde 20 niliokupa. Ondoa galaksi zilizo ndani ya dakika 1 ya kituo, kwa sababu huko kujumlisha moja kwa moja hakufai. Chora et na ex kwa pete za dakika moja, kisha ramani kwa vyumba vya nusu dakika. Ukiilainisha kwa dakika 1, kilele chako kitatoka kati ya 0.1 na 0.2. Halafu haribu kwa makusudi: ongeza 0.03 kwenye e1 ya kila galaksi, changanya asilimia 20 ya wageni, geuza alama ya e2, na kila mara tazama ramani inavyodanganya. Utagundua kwamba 0.03 hizo, zikiwa sawa kila mahali, karibu hazionekani kwenye pete kamili, lakini ukibakiza robo tu ya uwanja zinajitokeza.

Ukishamaliza hapo, pakua usiku faili za modeli za makundi sita ya mradi wa Hubble Frontier Fields kutoka MAST, hifadhi ya data za Hubble. Ni za umma. Chukua za Abell 370: faili la κ na la γ katika FITS, muundo wa kawaida wa faili za picha za anga. Kundi hilo, kwa taarifa yako, liko nyuzi 1 na nusu tu kusini mwa ikweta ya anga, kwa hiyo mwanzoni mwa Novemba, karibu saa sita usiku, linapita jirani kabisa na utosi wa Tanga, ingawa kwa macho hutaona kitu. Tahadhari moja: ramani hizo zimewekwa kwa DLS/DS ya 1. Kwa tao la mhamo 0.725 lazima uzidishe κ na γ kwa 0.43 kabla ya kukokotoa ukuzaji, 1/|(1−κ)² − γ²|. Ukisahau, mistari ya ukuzaji mkubwa itakaa mbali na tao na utadhani modeli ni mbovu. Linganisha modeli za timu mbili kwa kutoa moja kwenye nyingine. Tofauti hiyo ndiyo kipimo cha kweli cha kosa, mara nyingi ni kubwa kuliko kosa ambalo kila timu imejiandikia.

Ukikwama niandikie tena. Ila nitumie kwanza mchoro wa ex, ule wa digrii 45, kabla ya ramani yenyewe.